Dereva Aliyeendesha Pekupeku

Kutoka Tabora mpaka Nachingwea nilitumia siku kumi na tatu, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kusubiri. Treni ilinifikisha Dar es Salaam bila matata. Matata yalianza kusini ya hapo. Nilipanda nyuma ya lori lililobeba mabati na masanduku ya sabuni, tukafika kivuko cha Ndundu tukakuta Rufiji imepanda mpaka kwenye vibanda vya wauza chai, na kivuko chenyewe kimefungwa kamba kwenye mti kama mbuzi. Tulikaa hapo siku sita. Nilikula wali na samaki mpaka nikawajua wapishi wote kwa tabia zao, nani anazidisha chumvi, nani anasahau kurudisha chenji.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kidato cha nne, cheti cha mwaka mmoja cha ufundi wa magari, na barua ya ajira iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo. Barua ilisema niripoti Nachingwea, kwenye kituo kidogo kilichokuwa kikitengeneza pampu za maji za vijiji, niwe fundi wa gari la kituo. Sikujua Nachingwea iko wapi. Nilikubali kwa sababu ilikuwa mbali na mahali nilipokuwa, na umri ule sababu hiyo ilinitosha. Leo nina zaidi ya miaka arobaini, nimeshahama miji mingi, na bado sijapata sababu nyingine iliyo bora zaidi.

Lindi nilikuta gari la kituo limekuja kuchukua mabomba. Ilikuwa Landrova ya kijani, rangi imebabuka kwenye milango. Dereva alikuwa mzee mfupi mwenye mabega mapana na mvi zilizoanzia juu ya masikio. Aliisoma barua yangu kwa muda mrefu, akaikunja, akanirudishia.

"Ingia, mwanangu," akasema.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona dereva wa serikali akilifanya. Alivua kandambili zake, akazipanga chini ya kiti kama mtu anayeingia msikitini, akaweka nyayo tupu juu ya pedali. Akawasha gari, akatulia kidogo macho yameelekea mbele, halafu ndiyo akaingiza gia.

Tulipopita Mtama, nikitazama mikorosho dirishani, nilimwuliza kama bado ni mbali. Hakujibu. Nikamwuliza kama Nachingwea kuna mabasi ya kutoka. Hakujibu. Nikabaki na dirisha langu nikajiambia huyu mzee ana maringo, na mimi pia nayaweza. Tukaenda hivyo mpaka mwisho wa safari, watu wawili walionuniana, kumbe aliyenuna nilikuwa peke yangu.

*

Nilipanga kukaa miezi sita. Mji ulikuwa wa vumbi jekundu na mikorosho, na kila mahali kulikuwa na masalia ya ule mradi mkubwa wa karanga wa wakati wa Waingereza. Reli ilikuwa imeng'olewa zamani, lakini vyuma vyake viliendelea na kazi mjini: kipande kimoja kilikuwa kengele ya shule, kingine kilishikilia paa la mashine ya kusaga. Nyuma ya karakana yetu kulikuwa na lundo la matrekta na magari yaliyokufa, na mimi nilikuwa nachimba humo kama kuku. Vipuri havikuwepo madukani, si Nachingwea, si Lindi, na Dar es Salaam ukiandika barua unajibiwa baada ya mvua mbili.

Yule mzee alikuwa Mmakua. Alivuka Ruvuma akiwa kijana, akaja kufyeka msitu kwa trekta ili zipandwe karanga, na karanga ziliposhindikana yeye akabaki. Aliendesha matrekta, halafu malori, halafu gari la kituo. Alikuwa na mke mmoja mcheshi aliyekuwa akinipelekea kisamvu karakana, na kila asubuhi alikuwa na utaratibu wake ambao nilikuja kuuzoea. Alilizunguka gari akigusa magurudumu yote manne kwa kiganja. Injini ikishawaka aliweka mkono juu ya boneti, akakaa hivyo kama daktari na mgonjwa. Kisha aliniambia, "Beringi ya pampu ya maji imeanza kuchoka." Nikifungua, nakuta kweli imechoka.

"Umejuaje, Mzee?"

Alinyanyua mguu akanionyesha unyayo, mnene na mgumu kama ngozi ya ngoma. "Huku."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Miaka ikapita zaidi ya ile miezi yangu sita. Kila mwaka niliandika barua ya kuomba uhamisho, kwenda popote, na kila mwaka sikujibiwa. Kisha kituo kikapata mkuu mpya. Alikuwa kijana, kanizidi miaka michache tu, mhandisi aliyesoma nje, mwenye mashati yaliyonyooka na hasira za karibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuta pampu saba zimekufa, na kabla ya mwaka kwisha tano zilikuwa zinatoa maji. Lakini alipenda mambo yawe kama yalivyoandikwa.

Ndipo ukaja ugeni wa mkoani. Siku hizo ugeni wa mkoani ulikuwa na dawa moja, nayo ni rangi nyeupe. Tulipaka chokaa mawe ya njia ya kuingilia ofisini, tukapaka mashina ya miti mpaka kiunoni. Siku moja kabla ya wageni, mkuu alisimama mbele ya Landrova akaitazama.

"Fundi, kuna rangi ya mafuta imebaki?"

"Ipo kopo moja, Ndugu Mkuu."

"Paka magurudumu. Yawe meupe."

Mzee hakuwepo. Alikuwa Kiegei kwenye msiba wa shemeji yake. Nilifungua magurudumu yote, nikayapaka mbele na nyuma, hata sehemu ile ambayo rimu inakutana na chuma inachofungiwa. Nati nilizichovya ndani ya kopo moja moja, zikatoka nyeupe kama meno. Rangi ilikuwa bado mbichi nilipoyarudisha, maana wageni walikuwa wanafika asubuhi. Nilikaza kwa nguvu zangu zote. Gari lilipendeza, na wageni walilisifu.

Mzee aliporudi, mkuu alimkabidhi buti mpya nyeusi zenye soli nene ya mpira. "Dereva wa serikali haendeshi pekupeku," alimwambia. "Wageni wamesikia habari hizo, nimeona aibu mimi." Mzee alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazivaa. Na tangu siku hiyo alizivaa kila siku.

*

Wiki mbili hivi baadaye mkuu na mzee walirudi kutoka Ruponda, mkuu akaingia karakana kabla vumbi halijatulia.

"Fundi, gari linalia."

"Linalia vipi, Ndugu Mkuu?"

"Tik. Tik. Tik. Likienda polepole, linalia polepole. Likikimbia, mlio nao unakimbia." Alimgeukia mzee aliyekuwa anafunga mlango. "Mzee, nimekuuliza mara ngapi njiani?"

Mzee alimtazama usoni. "Gari zima, Ndugu Mkuu."

"Zima! Mtoto mchanga angeusikia mlio ule, wewe unaniambia zima!"

Mzee alisimama na funguo mkononi. Hakuwa na kiburi usoni. Alikuwa na kitu kama mshangao, lakini mkuu alikwisha kugeuka kwenda ofisini, akaniashiria nimfuate.

Ofisini alifunga mlango. Kwenye mashine ya kupigia chapa kulikuwa na karatasi iliyoandikwa nusu. "Kaka yangu alikufa kwenye gari," aliniambia. "Abiria wote walisikia kitu kinagonga. Dereva akasema hakuna kitu." Akanyoosha karatasi ile. "Ijumaa tunakwenda Ruangwa na mabomba. Tafuta mlio huo. Kama Ijumaa bado upo na yeye bado hausikii, hii barua inakwenda mkoani. Anashuka kwenye usukani, namweka geti. Amebakiza mwaka mmoja na kidogo kustaafu, atamalizia hapo."

Ilikuwa Jumatatu. Nilitoka nikamwambia mzee, kwa sababu sikuona namna ya kutomwambia. Alisikiliza akinitazama mdomo, akauliza neno moja tu.

"Geti?"

Akaenda kukaa ndani ya gari peke yake, milango imefungwa.

Nami nikaanza kazi. Mlio wa gari unautafuta kwa kuuondolea mahali pa kujificha. Kwanza nililiwasha limesimama, nikakanyaga mafuta: kimya. Kwa hiyo haikuwa injini. Tukaenda barabara ya uwanja wa ndege wa zamani, ambako kuna mteremko, nikaingia usukani nikaweka gia huru tukashuka na uzito wetu tu. Tik, tik, tik. Kwa hiyo haikuwa giaboksi. Nikatazama matairi kama kuna jiwe limebanwa, hakuna. Nikachukua spana nikazijaribu nati zote za magurudumu, moja baada ya nyingine, kwa nguvu. Hata moja haikusogea. Nikaridhika na magurudumu.

Nikalala chini ya gari nikaishika shafti ile ndefu inayopeleka nguvu nyuma, nikaitikisa. Ilicheza kidogo kwenye krosi, kile kiungo cha mwisho wake, mtikisiko mdogo ambao gari lolote la umri ule linao. Lakini mtu anayetafuta sana hufurahia chochote. Nilitumia Jumatano nzima kutoa krosi kutoka kwenye Landrova iliyokufa nyuma ya karakana, nikaisafisha, nikaifunga. Vidole vyangu viwili vilichubuka. Mke wa mzee alipoleta chakula mchana alinikuta nimelala chini ya gari, akaweka bakuli kwenye mchanga, akainama mpaka tukaonana macho.

"Utaupata, baba?"

"Nimeshaupata, mama."

Alhamisi asubuhi tukatoka kuijaribu. Tik, tik, tik.

Nilimwomba mzee aendeshe polepole kabisa, nami nitembee pembeni, mkono kwenye bodi, nisikilize. Nilikwenda hivyo ubavuni mwa gari, nimeinamisha kichwa. Mlio ulikuwa nyuma, hilo nililijua sasa, lakini ulikuwa unarukaruka kwenye bodi tupu, ukisema uko kushoto unahamia kulia. Nikasogea karibu zaidi. Tairi la nyuma likakanyaga ncha ya kandambili yangu.

"Simama!" nikapiga kelele. "Mzee, simama! Simama!"

Gari likaenda. Nilichomoa mguu, nikaanguka chali, kandambili ikabaki imezikwa kwenye vumbi. Gari likaenda hatua ishirini nyingine kwa utulivu kabisa, mpaka mzee aliponiona kwenye kioo nimekaa chini. Alifunga breki, akaruka, akaja mbio katika yale mabuti.

"Umeumia? Mwanangu, umeumia?"

"Sijaumia. Nimekuita mara tatu."

Aliinama kuokota kandambili yangu, akaipangusa vumbi. Alikuwa amenipa mgongo. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee." Akaendelea kupangusa. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi. Akaendelea kupangusa. Alipogeuka kunipa kandambili, aliona uso wangu ulivyo.

"Basi umejua," akasema.

Tulikaa kwenye kivuli cha gari. Aliniambia trekta za karanga zilikuwa hazina ekzosi, na visiki vikubwa walivilipua kwa baruti, na yeye alikuwa kijana anayesogea karibu ili aone. Sikio la kushoto lilikwenda kwanza. La kulia lilikuwa linalifuata taratibu, na miaka ile ya mwisho lilikuwa limeshafika. Watu aliwasoma midomo.

"Siku ile ya Lindi," akasema, "uliongea sana. Nilikuwa naona mashavu tu, umegeukia dirishani. Nikasema kijana huyu anaimba."

"Nilidhani una maringo."

"Niringie nini, na suruali hii?" Akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Mke wangu anajua. Sasa na wewe. Akiniweka geti, mwanangu, mlinzi asiyesikia! Wataiba geti lenyewe, na mimi nimeegemea nguzo. Siku ya pili watajua wote. Miaka thelathini nimeendesha, sijaangusha mtu. Nataka nishuke mwenyewe siku yangu ikifika. Nifunge mlango, nimpe funguo mkononi, niende nyumbani. Hilo tu."

"Lakini uliwezaje miaka yote hii?"

"Gari nilikuwa nalijua. Lilikuwa linaniambia. Hizi wiki ndizo sizielewi. Limeninyamazia, kama mtu aliyeninunia."

Nilimwahidi nitaupata mlio ule. Sikujua nitaupataje.

*

Ijumaa mkuu alikaa mbele, mimi nyuma juu ya mabomba. Mfukoni nilikuwa na barua iliyofika juma lile lile: baada ya miaka yote, nimekubaliwa uhamisho wa Mbeya, naweza kuondoka mwisho wa mwezi. Niliisoma mara nyingi kuliko ilivyokuwa na maneno. Siku nyingine ningekuwa naimba kweli.

Tulipopita Mnero mlio ulikuwa umekua. Haukuwa tik tena, ulikuwa tok, wa chuma. Mkuu alikaa wima, mikono juu ya magoti.

"Mzee," akasema, akihakikisha ametazamwa. "Unausikia?"

"Nausikia, Ndugu Mkuu."

"Unatoka wapi?"

Mzee alimaliza pinda moja la barabara, kisha akanyoosha kidole mbele, kwenye injini. Mkuu alishusha pumzi kama mtu aliyemaliza hesabu. "Tukifika Ruangwa shuka. Fundi ataendesha kurudi."

Mzee alishika usukani. Niliona shingo yake kutoka nyuma, mishipa imesimama. Nikatazama chini kwa aibu, kwa sababu nilishindwa kutazama shingo ile, na chini nikaziona zile buti, soli nene kama tofali, zimekaa juu ya pedali. Chini ya kiti, mahali ambapo miaka yote zilipangwa kandambili, hapakuwa na kitu. Limeninyamazia, alisema. Hizi wiki.

Nikajipenyeza kati ya viti, nikamgusa bega mpaka akanitazama.

"Mzee. Vua viatu."

"Fundi, umechanganyikiwa?" mkuu akauliza.

"Dakika moja tu, Ndugu Mkuu. Nakuomba."

Mzee alinitazama, akazitazama buti, akanitazama tena. Akasimamisha gari katikati ya barabara, maana hakukuwa na mwenzetu. Kufungua zile kamba kulichukua muda, vidole vyake havikuwa vimezizoea. Alizivua, akazipanga chini ya kiti. Akaweka nyayo kwenye sakafu ya bati, akaondoa gari.

Hatukufika hatua mia. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi. Akafunga breki.

"Nyuma, kushoto," akasema. "Gurudumu limelegea. Linagonga ndani ya matundu yake."

"Nati nilizikagua," nikasema. "Spana haikugeuka hata kidogo."

"Kakague tena."

Tuliweka jeki. Mzee alilishika gurudumu kwa mikono miwili, akalisukuma na kulivuta. Tok. Lilicheza kama jino la mtoto. Nikaweka spana kwenye nati, ikakataa kugeuka kama ilivyokataa Jumatatu. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana, nikaning'inia nacho. Nati ikalia, ikageuka, na maganda meupe yakaanguka kwenye mchanga mwekundu.

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja, na natamani ningekuwa nimeelewa nikiwa peke yangu. Rangi ilikuwa imekaukia ndani ya nyuzi ikazishika nati kama gundi. Na ile iliyokuwa kati ya rimu na chuma ilikuwa imesagika na kumwagika, ikaacha nafasi. Nati zilikuwa zimekaza, lakini hazikuwa zimeshika kitu. Matundu ya rimu yalikuwa yameshakuwa na umbo la yai. Pengine kilometa kumi zaidi, pengine ishirini.

Mkuu alichuchumaa akaokota ganda moja la rangi. "Nani alifunga gurudumu hili?"

Mzee alijua ni mimi. Alikuwa na haki ya kusema, na angesema tu ukweli. Alikuwa anafuta mikono kwenye majani, hanitazami. Kulikuwa na nati tano. Nilizitazama zote kabla sijafungua mdomo.

"Ni mimi, Ndugu Mkuu. Nilipaka mpaka ndani ya nyuzi, nikafunga rangi ikiwa mbichi. Mzee alikuwa msibani."

Mkuu alilivunja ganda lile kati ya vidole. Aliyesema magurudumu yawe meupe alikuwa yeye, na nilimwona analikumbuka. Hakunigombeza. Aliuliza, "Na viatu?"

Mzee, aliyekuwa ameshasimama mbele yake, alijibu mwenyewe.

"Masikio yangu yamekwisha, Ndugu Mkuu. Siku nyingi. Naendesha kwa miguu. Buti zako ni nzuri, lakini zimeniziba."

Mkuu alisimama. Akatembea barabarani peke yake mpaka kwenye kichaka cha mikorosho, akakaa huko kidogo amegeukia upande mwingine, kisha akarudi.

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningekushusha siku hiyo hiyo."

"Ndiyo maana sikusema."

Nilidhani mkuu atakasirika. Mdomo wake ulicheza, nusura acheke. "Na honi ya lori nyuma yako? Na mtu anayepiga kelele ameanguka?"

Mzee alinitazama mimi, akaitazama kandambili yangu ile yenye ncha iliyopondeka, akainamisha kichwa.

"Haya," mkuu akasema. Alisema akimtazama mzee, polepole, ili asomeke. "Fundi atakaa mbele. Kila safari. Wewe miguu, yeye masikio. Mpaka siku yako ya kustaafu. Siku fundi hayupo, gari halitoki, na wewe hutoki." Akanigeukia. "Umesikia?"

Barua ya Mbeya ilikuwa kwenye mfuko wa shati, nikiisikia kifuani kila nikivuta pumzi. Mzee hakujua habari zake. Alikuwa ananitazama mdomo, akingoja niseme nini.

"Nimesikia," nikasema.

Tulifunga gurudumu kwa nati tulizozikwangua kwa kisu pale barabarani, tukaenda Ruangwa mwendo wa jongoo. Ile barua nyingine, ya mkoani, sikuwahi kuiulizia tena. Mashine ya chapa Jumatatu ilikuwa na karatasi nyeupe.

*

Nilikaa mbele mwaka mmoja na miezi miwili. Ndio muda mrefu zaidi ambao nimewahi kukaa mahali nikiwa na ruhusa ya kuondoka. Tulipeana alama: nikimgonga goti mara moja, kuna honi, mara mbili, simama. Ruponda, Mnero, Kiegei, Ruangwa, nyakati za vumbi na nyakati za tope. Kuna siku niliichukia barabara ile na goti lile. Kuna siku nilihesabu miezi. Mbeya waliandika kuuliza kama nakwenda au siendi, halafu wakaacha kuandika.

Alijaribu kunifundisha kusikia kwa miguu. Nilivua viatu, nikaweka nyayo sakafuni, nikafumba macho. "Unapata nini?" akauliza. Nikamwambia napata joto. Alicheka mpaka akapaliwa, akamsimulia mkewe, na mkewe akanisalimia kwa neno hilo kila siku: "Umeamkaje, Bwana Joto?"

Siku yake ilipofika, aliliingiza gari uani, akazima injini, akakaa kidogo na kiganja juu ya usukani. Akashuka, akafunga mlango, akatembea mpaka kwa mkuu akampa funguo mkononi. Mkuu alizipokea kwa mikono miwili. Kisha mzee akaenda nyumbani kwake kwa miguu, na hakugeuka nyuma.

Mimi niliondoka juma lililofuata, na sijarudi tena. Alikuja stendi asubuhi na kifurushi cha magazeti chini ya kwapa. Ndani kulikuwa na zile buti, zimepigwa rangi zikang'aa, soli bado mpya.

"Vaa wewe," akasema. "Wewe una masikio."

Nilizivaa pale pale, zilinibana kidogo. Mke wake hakuja, alinitumia kisamvu kwenye kopo. Nilipopanda, mzee alilizunguka basi kama alivyokuwa akilizunguka gari letu, kiganja kwenye bodi inayotetemeka. Akafika kwenye dirisha la dereva.

"Springi ya mbele, kulia," akamwambia. "Itazame kabla ya Mtama."

"Mzee wangu," dereva akasema, akicheka na abiria, "basi hili limetoka gereji juzi. Nenda kapumzike, shikamoo."

Mzee alimsoma mdomo, akaitikia "Marahaba," akarudi nyuma hatua mbili. Basi likaondoka. Alibaki amesimama pekupeku kwenye vumbi, mkono umenyanyuliwa, mpaka mikorosho ikamficha.

Nilisikiliza. Injini, viti, kuku wa mtu, watoto. Sikusikia kitu chochote mbele kulia. Tulikwenda hivyo labda nusu saa. Kisha nikainama, nikafungua kamba za buti moja, nikaivua, nikaweka unyayo kwenye sakafu ya bati. Nikafumba macho, na kwa muda mrefu nikapata joto tu. Halafu, chini ya joto, kidogo sana, nikaipata: mbele, kulia. Nikasimama nikaenda kumwambia dereva.